Kifundo cha Mkono Kilichoumia Kano au Gegedu: Mwongozo wa Kukirudisha Kazini bila Upasuaji

Maswali ya watu wanaotoka hospitali na banzi mkononi hapa Dodoma hayabadiliki. Je, nikande kwa maji ya moto? Nilivue lini banzi hili? Kwa nini picha ya eksirei inaonyesha mifupa mizima ilhali siwezi kukamua hata shuka moja? Nitarudi lini kwenye pikipiki? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio, kwa ajili ya mtu mzima aliyeanguka akajikinga kwa kiganja, aliyevutwa mkono na mzigo, au ambaye kifundo chake kimechoka taratibu kwa jembe, mwiko na mkasi wa kupogolea zabibu, na ambaye daktari ameshamchunguza na kumwambia kwamba upasuaji hauhitajiki, au angalau hauhitajiki kwa sasa. Haukuandikwa kwa ajili ya watoto, kwa kuwa mifupa yao bado inakua na majeraha yao huangaliwa kwa namna nyingine.

Wengi hukosea kwa njia mbili zinazopingana. Baadhi huvaa banzi miezi mitatu mfululizo kwa hofu, na wengine hurudi shambani siku ileile maumivu yanapopungua. Wote wawili wanafuata maumivu peke yake, wakati kitu kinachopaswa kufuatwa ni uzito ambao kiganja kinaweza kuustahimili, na uzito huo unapimika nyumbani kwa chombo cha bei ndogo, kama utakavyoona katika hatua ya tatu.

Kabla ya yote: hakikisha unatibu jeraha sahihi

Usianze zoezi lolote humu ikiwa una mojawapo ya dalili hizi, bali nenda kwanza hospitali: kifundo kimepinda au kimebadilika umbo, vidole vimekuwa baridi, vimepauka au vina ganzi inayoongezeka, kifundo kimevimba, kina joto na una homa, au unapobonyeza kile kishimo kinachojitokeza chini ya kidole gumba unapokinyanyua, unapata maumivu makali.

Dalili hiyo ya mwisho inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Chini ya kishimo hicho upo mfupa mdogo uitwao skafoidi, ambao huvunjika mara nyingi mtu anapoangukia kiganja, na ufa wake unaweza usionekane katika eksirei ya siku za kwanza. Ndiyo maana daktari makini humfunga mgonjwa banzi linaloshika na kidole gumba, kisha humwita apigwe picha tena baada ya siku 10 hadi 14. Ukiambiwa urudi, rudi, hata kama maumivu yamepungua. Mfupa huu hupata damu kwa njia inayokatika kwa urahisi, na ukiachwa bila kutibiwa unaweza usiunge, au sehemu yake ikafa kwa kukosa damu, na hapo mazoezi hayatasaidia kitu.

Jambo la pili la kuuliza ni kama kano, yaani ukamba unaofunga mfupa kwa mfupa, imechanika kidogo au imekatika kabisa. Kati ya skafoidi na mfupa jirani uitwao lunati ipo kano fupi yenye kazi kubwa. Ikikatika kabisa, mifupa hiyo miwili huachana, na mtaalamu wa mifupa anapaswa kukuona mapema, ndani ya wiki chache za mwanzo, kwa kuwa kadiri muda unavyopita ndivyo inavyokuwa vigumu kuirekebisha, na kifundo kinaweza kuishia kuwa na ugonjwa wa yabisi, yaani kukakamaa na kuuma, miaka kadhaa baadaye. Muulize daktari waziwazi: "Je, mifupa hii imeachana?" Anaweza kuagiza eksirei ya mikono yote miwili ukiwa umekunja ngumi kwa nguvu, ili alinganishe nafasi iliyopo kati ya mifupa hiyo.

Kwa wakazi wa jiji, kitengo cha fiziotherapia cha Hospitali ya Benjamin Mkapa au cha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ni mahali pazuri pa kuanzia. Aliye mbali na aanzie hospitali ya wilaya yake, aombe rufaa. Anayekutaka uvutwe au uchuliwe "mfupa urudi mahali pake" kabla ya picha kupigwa, mwepuke kwa heshima.

Machache ya kuelewa

Kifundo kina mifupa midogo 8 iliyofungwa pamoja kwa kano. Upande wa kidole kidogo, kati ya mifupa hiyo na mwisho wa mfupa mwembamba wa kigasha (sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo), kuna gegedu la pembetatu linalopokea mgandamizo na kushika mifupa miwili ya kigasha isiachane unapogeuza kiganja. Ukingo wa gegedu hili hupata damu, kwa hiyo unaweza kupona. Katikati yake hakuna damu, kwa hiyo ufa wa hapo hauzibi kwa urahisi, ingawa watu wengi huishi nao bila maumivu misuli inapopata nguvu ya kutosha.

Mtu mwenye jeraha la gegedu hili husikia maumivu upande wa kidole kidogo anapofungua kitasa, anapokamua nguo au anapojiinua kwenye kiti kwa viganja. Mwenye jeraha la kano ya skafoidi na lunati husikia maumivu katikati ya mgongo wa kifundo, hasa anapokunja kiganja kwa nyuma na kukikandamiza, na mara nyingi hulalamika kwamba mkono hauna nguvu ya kushika. Jua jeraha lako ni lipi, kwa sababu kuna hatua kadhaa mbele ambapo njia zinatofautiana.

Vitu vya kuandaa

- Banzi la kifundo lililopimwa mkononi mwako. Lianzie katikati ya kigasha au juu kidogo, liishie kwenye mkunjo wa kiganja, na liache vidole vyote vikunjike.
- Mizani ya kukanyaga, ile ya kupimia uzito wa mwili. Kama huna, azima. Utaihitaji mara moja kwa wiki tu.
- Taulo dogo, chupa ya plastiki ya nusu lita na nyundo ya kawaida yenye mpini wa mbao.
- Kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, chenye urefu wa mita moja, kilichokatwa kwa upana wa vidole vitatu. Fundi baiskeli yeyote anacho.
- Donge la unga wa ngano uliokandwa au udongo laini wa mfinyanzi.
- Sinia na gololi moja.
- Daftari.

Weka pia kanuni moja ya maumivu. Yape alama kuanzia 0, ambapo hakuna maumivu, hadi 10, ambapo hayavumiliki. Wakati wa zoezi usivuke 3, na kesho yake saa ileile mkono uwe umerudi hali yake ya kawaida. Ukivuka kimojawapo, zoezi lilikuwa zito mno, hata kama ulijisikia vizuri ulipokuwa ukilifanya.

Hatua ya 1: Kipumzishe kifundo

Vaa banzi mchana na usiku kwa muda uliopangiwa. Kwa jeraha la gegedu la pembetatu muda huo kwa kawaida ni wiki 4 hadi 6. Kwa kano iliyovutika kidogo unaweza kuwa mfupi zaidi. Ikiwa kugeuza kiganja juu na chini ndiko kunakouma zaidi, mwambie daktari, kwa kuwa banzi fupi halizuii mzunguko huo na huenda ukahitaji lile linalofika kwenye kiwiko.

Siku 2 au 3 za mwanzo, tumia barafu iliyofungwa katika kitambaa kwa dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku, na uweke mkono juu ya mto ukiwa umelala ili uvimbe ushuke. Hapa ndipo lilipo jibu la lile swali la maji ya moto: usiyatumie wakati kifundo bado kina uvimbe mpya na joto. Wakati wake utafika katika hatua ya nne.

Tahadhari kuhusu dawa: diklofenaki na ibuprofeni hununuliwa dukani kama pipi, lakini mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, shinikizo la damu au ujauzito asizimeze bila kumuuliza mtaalamu wa afya. Na asiye na tatizo lolote kati ya hayo asizitumie ili apate kufanya kazi ambayo mkono wake unaikataa.

Hatua ya 2: Viungo vingine visilale

Tangu siku ya kwanza, ukiwa na banzi, nyoosha vidole vyote, kisha vikunje kama ndoano, kisha funga ngumi laini isiyo na nguvu, kisha nyoosha tena. Fanya mara 10, kila baada ya saa mbili hivi ukiwa macho. Kiwiko na bega navyo vipelekwe mwisho wa mwendo wao mara chache kila siku. Mkono unaobebwa kwenye kanga shingoni wiki nzima bila kushushwa huishia na bega gumu, na hapo unakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Mwenye jeraha la kano ya skafoidi na lunati asibane mpira wala kufunga ngumi kwa nguvu katika kipindi hiki. Kubana kwa nguvu husukuma mfupa wa katikati ya kifundo kuelekea kwenye nafasi ileile inayotakiwa ifungwe, na ni kosa linalofanywa kwa nia njema kabisa.

Hatua ya 3: Pima mahali unapoanzia

Utakaporuhusiwa kuvua banzi kwa ajili ya mazoezi, weka mizani juu ya meza imara. Simama, nyoosha kiwiko, weka kiganja cha mkono mzima katikati ya mizani na ukandamize taratibu hadi unapoweza. Andika kilo. Kisha fanya vivyo hivyo kwa mkono ulioumia, lakini acha pale maumivu yanapoanza tu, wala usishindane nayo. Andika kilo hizo pia pamoja na tarehe.

Mtu anaweza kukuta mkono mzima unabeba kilo 30 na ulioumia kilo 6. Tofauti kama hiyo isikukatishe tamaa. Kazi yake ni kukuonyesha ni mzigo upi hupaswi kuugusa sasa. Rudia kipimo mara moja kwa wiki, siku ileile na saa ileile, kabla ya mazoezi. Wanaopima kila siku hujichosha kwa kuangalia namba zinazopanda na kushuka bila maana.

Hatua ya 4: Rudisha mwendo

Sasa maji ya uvuguvugu yana kazi. Tumbukiza kifundo kwa dakika 10, hasa asubuhi za Juni na Julai ambapo baridi na upepo wa Dodoma hufanya viungo vigome, kisha fanya yafuatayo mara 10 kila moja, mara 3 kwa siku:

1. Laza kigasha mezani, kiganja kikining'inia ukingoni. Kipandishe na kukishusha bila kutumia mkono wa pili.
2. Kiganja kikiwa kimelala juu ya meza, kitelezeshe upande wa kidole gumba kisha upande wa kidole kidogo.
3. Bana kiwiko ubavuni kikiwa kimekunjwa nyuzi 90. Geuza kiganja kitazame juu, kisha kitazame chini.
4. Peleka kifundo kwa mshazari: kianzie nyuma upande wa kidole gumba, kiishie mbele upande wa kidole kidogo, kama mtu anayerusha kijiti kidogo shabahani. Mwendo huu huisumbua kidogo tu kano ya skafoidi na lunati, kwa hiyo mwenye jeraha hilo aupe nafasi ya kwanza na apunguze namba 1 na 2 hadi zisiwe na maumivu.

Mwendo uwe wako mwenyewe. Mtu mwingine asikushike akakulazimisha, hata kama ni jamaa anayesifika kwa kunyoosha viungo. Banzi liendelee kuvaliwa usiku na unapokwenda kwenye msongamano wa watu, kisha lipunguzwe saa chache kila siku kwa wiki moja au mbili. Kulivua ghafla siku moja na kulitupa ni mwanzo wa kurudi hospitali.

Hatua ya 5: Nguvu bila mwendo

Kifundo kiwe kimenyooka. Kwa mkono wa pili weka kizuizi, kisha sukuma dhidi yake bila kuruhusu kifundo kisogee. Hesabu 5 hadi 10, pumzika, rudia mara 10. Anza kwa robo ya nguvu zako.

Hapa njia zinatofautiana zaidi. Mwenye jeraha la gegedu la pembetatu asukume mgongo wa kiganja kuelekea upande wa kidole kidogo, na pia ajaribu kugeuza kiganja kuelekea chini huku mkono wa pili ukizuia. Misuli inayofanya kazi hizo ndiyo inayoshika mwisho wa mifupa miwili ya kigasha. Mwenye jeraha la kano ya skafoidi na lunati asukume kiganja mbele na nyuma upande wa kidole gumba, na aachane kwa sasa na lile la kusukuma upande wa kidole kidogo, kwa sababu msuli wake unaweza kuiachanisha zaidi mifupa inayotakiwa kukaribiana. Ukipata jirani anayekupa zoezi lililomponya yeye, muulize kwanza aliumia wapi.

Hatua ya 6: Nguvu yenye mwendo

Subiri hadi hatua ya tano ipite wiki nzima bila kuvunja kanuni ya maumivu. Kisha, siku moja baada ya nyingine wala si kila siku, fanya mizunguko 2 au 3 ya marudio 10 hadi 15.

Shika chupa tupu na urudie namba 1 ya hatua ya nne, ukiongeza maji kidogo kidogo kila wiki hadi ijae, yaani nusu kilo. Kwa mzunguko wa kigasha, shika nyundo karibu kabisa na kichwa chake na uigeuze polepole kulia na kushoto. Kadiri unavyoshusha mkono kuelekea mwisho wa mpini ndivyo inavyokuwa nzito, na sentimita 3 hadi 5 kwa wiki zinatosha. Mpira wa tairi ukanyage kwa mguu, ushike ncha ya pili, uvute kwa mwendo wa mshazari ulioelezwa juu. Donge la unga libane hadi vidole vikutane na uliachie, na hapa ndipo mwenye jeraha la kano ya skafoidi na lunati anaporuhusiwa kuanza kubana, akianza na unga laini.

Hatua ya 7: Fundisha kifundo kujua kilipo

Kano hushikilia mifupa, na pia huupa ubongo habari ya mkao wa kiungo. Zikiumia, habari hiyo hupungua, na ndiyo sababu watu huumia tena kwa jambo dogo kama kudaka kikombe. Weka gololi juu ya sinia, shika sinia kwa mkono mmoja na uizungushe gololi ukingoni bila kuiangusha, dakika 2 kwa kila upande. Kisha fumba macho, weka kifundo katika mkao fulani, kirudishe katikati, na ujaribu kukirudisha mkao uleule. Fumbua uangalie umekosea kiasi gani. Wengi huiruka hatua hii kwa kuwa inaonekana mchezo wa watoto. Ningeruka zoezi la chupa kabla sijaruka hili.

Hatua ya 8: Kukandamiza kwa kiganja

Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja, jisukume mara 10. Baada ya wiki moja bila tatizo hamia kwenye ukingo wa meza, kisha kwenye kiti imara, na mwisho sakafuni kwa magoti. Kabla ya kushuka ngazi moja, angalia daftari: ikiwa mizani inaonyesha chini ya nusu ya mkono mzima, baki ukutani.

Katika kipindi hiki chote, unapoinuka kitini au kwenye mkeka tumia ngumi kifundo kikiwa kimenyooka, au kigasha. Anayesujudu naye aombe ushauri wa namna ya kuegemea bila kukunja kifundo nyuma hadi mwisho, kwa sababu mkao huo unaorudiwa kutwa mara nyingi huchelewesha uponaji bila mtu kujua.

Hatua ya 9: Kurudi kazini

Hapa hakuna tarehe moja inayomfaa kila mtu. Wengi hufikia kazi nyepesi kati ya wiki ya 6 na ya 8, na kazi nzito baada ya wiki ya 12 au zaidi. Subiri mizani ikaribie robo tatu ya mkono mzima kabla ya kazi nzito, kisha ingia kazi moja baada ya nyingine.

Maji: ndoo ya lita 20 iliyojaa ina kilo 20, na hatari ni pale unapoinyanyua kutoka chini na kuipindua kuelekea kichwani, kwa hiyo endelea kutwishwa na kutuliwa hata baada ya maumivu kuisha. Anza na dumu la lita 5 unaloweza kulishika kwa mkono ukining'inia kando, kifundo kimenyooka.

Ugali: kusonga ugali wa familia kubwa hukusanya karibu kila kitu kinachokiudhi kifundo, yaani kubana, kuzungusha na kusukuma kwa upande wa kidole kidogo. Mwachie mwingine katika wiki hizi bila kuona haya. Utakaporudi, anza na sufuria ndogo, iwe imeshikwa isizunguke, jiko liwe chini ya usawa wa kiwiko, shika mwiko kwa mikono miwili, na nguvu itoke begani.

Nguo: usikamue kwa kusokota. Zigandamize ndani ya beseni kwa kigasha, au zianike zikiwa zinachuruzika. Jua na upepo wa Dodoma vitamaliza kazi hiyo kabla ya adhuhuri.

Jembe: mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili hivi, na hakuna mkulima anayefurahia kukaa wakati wenzake wanapanda mtama na alizeti. Hata hivyo palizi ya jembe jepesi la mpini mrefu, kwa robo saa na mapumziko, ije kabla ya kulima ardhi ngumu. Ukihisi mpini unakuzunguka mkononi, nguvu ya kushika imeisha kwa siku hiyo.

Zabibu: wakulima wa Hombolo na Mpunguzi, wanaovuna mara mbili kwa mwaka, hupogoa mara mbili pia, na siku nzima ya kubana mkasi si kazi nyepesi ingawa haionekani. Noa mkasi, upake mafuta, sogeza mwili kuelekea tawi badala ya kupinda kifundo kulifuata, na matawi manene yaachie msumeno mdogo.

Pikipiki: pikipiki ikiwa imesimama na kuzimwa, vuta klachi na breki mara nyingi mfululizo, kisha jaribu kuvuta kwa ghafla kama mtu anayekwepa mbuzi barabarani. Ikiwa maumivu yanavuka 3 au mkono unachelewa, hujawa tayari, kwani abiria wako analipia breki yako pia. Siku za mwanzo baki kwenye lami na uepuke barabara za mawe na makorongo, na usisukume pikipiki iliyozimika kwa mkono huo.

Baadhi ya wenye jeraha la gegedu husaidiwa na ukanda wa plasta ya nguo isiyovutika, wenye upana wa sentimita 2.5, unaozungushwa mara mbili kifundoni wakati wa kazi. Ujaribu kwenye mizani: kama kilo zinapanda ukiwa umeuvaa, una faida kwako, kama hazipandi, okoa fedha zako.

Ukikwama

*Maumivu yamerudi baada ya siku nzito.* Rudi hatua moja nyuma kwa siku 3 hadi 5, kisha endelea. Usirudi kwenye banzi la kutwa kucha isipokuwa kama umeanguka upya.

*Kifundo kinalia.* Mlio usio na maumivu, ambao ulikuwapo pengine hata kabla hujaumia, hauna neno. Mlio mzito unaoambatana na maumivu na hisia kwamba mfupa umeruka mahali pake unahitaji uchunguzi, hasa ikiwa kinundu cha mfupa kilicho mgongoni mwa kifundo, upande wa kidole kidogo, kinabonyea na kurudi kuliko cha mkono wa pili.

*Vidole vinakufa ganzi usiku.* Legeza mikanda ya banzi na hakikisha halijakunja kifundo. Ganzi ikiendelea baada ya siku mbili, nenda ukachunguzwe mishipa ya fahamu.

*Mkono ulioumia umevimba wote, ngozi inang'aa, inatoka jasho au kubadilika rangi, na hata kuguswa na shuka kunauma.* Usisubiri miadi. Hali hii hutokea kwa wachache baada ya jeraha la mkono, na matokeo huwa mazuri zaidi tiba inapoanza mapema.

*Picha ya MRI (kipimo kinachoonyesha hata tishu laini) imeonyesha ufa lakini siumwi upande huo.* Gegedu huchakaa kwa umri, na watu wengi wenye umri mkubwa wana nyufa wasizozijua. Mwonyeshe mtaalamu mahali panapouma, amlinganishe mtu na picha.

*Nimeambiwa nichomwe sindano kifundoni.* Sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, inaweza kutuliza maumivu kwa muda na kukupa nafasi ya kufanya mazoezi. Haiungi kano wala gegedu, na kuirudia mara kwa mara kunadhoofisha tishu. Uliza ni kwa lengo gani, na baada yake mzigo uongezwe polepole kama kawaida, kwa kuwa maumivu hayatakuonya ipasavyo.

*Nimefuata yote kwa wiki 12 na kilo za mizani hazipandi.* Hapa mazoezi zaidi ya aina ileile hayatabadilisha kitu. Huenda mfupa mwembamba wa kigasha ni mrefu kidogo kuliko mwenzake na unaligandamiza gegedu, au kano ilikatika zaidi ya ilivyodhaniwa. Omba rufaa kwa daktari bingwa wa mifupa, ubebe picha zote za zamani pamoja na daftari lenye kilo na tarehe zako, ili asianze kukuuliza upya ulijaribu nini na kwa muda gani.